Earphone Zilizonikubalisha Ukweni

Loveness, zile earphone zisizo na waya ulizoniuliza kama ni nzuri? Nzuri mno. Zinazuia kelele zote. Leo zimenizuia hata kusikia maisha yangu yakipangwa.

Natoka Kharumwa kwenye kikao cha ukoo wa mume wangu. Unawajua kina Magesa, kusalimiana tu ni saa nzima. Basi nikafunga kilemba, nikachomeka zote mbili, nikaweka simulizi yangu ya mapenzi. Sauti safi kabisa. Betri masaa matano haijakata, hongera zao.

Mimi natikisa kichwa tu, mkwe mwenye adabu.

Mara wakapiga makofi. WOTE. Wananitazama MIMI. Na mimi nikapiga 🤦🏾‍♀️

Nikachomoa moja. Namsikia baba mdogo Ngassa: "Wabeja sana, asante sana mwanangu. Umekubali mwenyewe, kwa moyo mmoja."

Nimekubali nini? Mama mkwe ahamie kwetu Katoro!! Tuna chumba na sebule, Loveness. Chumba na sebule! Kwa moyo mmoja!

Namtazama mume wangu Magesa aniokoe, anachunguza viatu vyake.

Tumefika sasa hivi. Mama yuko sebuleni anauliza kuku wake watalala wapi. Nikampelekea maji, shikamoo mama, karibu sana mama. Akanishika mkono, akaninong'oneza:

"Hivyo vidude masikioni niliviona tangu asubuhi. Ndiyo maana niliwaambia wakuulize wakati ule ule umevivaa."