Sindano za Kovu Lako

Wifi yangu,

Sisi huku wazima. Mama amepaka sebule rangi mpya. Kaka yangu naye amenawiri. Figo uliyompa imemkubali, hata ngazi anazipanda mbio.

Nasikia bado unadungwa sindano kwenye kovu la upasuaji ili linywee, na kwa ngozi yako isiyostahimili hata sabuni, unalia mpaka nesi anakushika mkono. Pole. Acha kujitesa. Kaka alikuahidi atakurudia kovu likiisha, lakini Jumamosi alioa mwingine.

Nilimuuliza, "Sasa nani atamwambia?"

Akasema, "Mwandikie wewe, tena kwa upole, asije akadai figo yake."

Tulicheka mpaka mama akatokwa na machozi.

Ugua pole,
Wifi yako akupendaye