Kopo la Peremende Nyuma ya Ukuta

Kaka,

Chakula kiko jikoni, pasha tu. Maji yakitoka, jaza ndoo.

Ile GPS ya bei nafuu niliyopewa kujaribu ~~nairudisha~~ naenda kuilipia. Wewe ulisema, "Mdogo wangu, hiyo ni mbovu, nunua ya dukani ninakouza." Nikadhani ni kwa kuwa uliijaribu sebuleni, chini ya mabati, ambako haishiki setilaiti! Leo asubuhi nimeiwasha uwanjani, ikanifikisha kwenye kopo la peremende nililowafichia watoto wa jirani, wajifunze kusaka.

Kopo lilikuwa tupu. Mahali pale nilipahifadhi ndani ya GPS tu, sikumwambia mtu. Na shati lako nililofua lina karatasi za peremende mfukoni.

Kwa hiyo ilikufikisha na wewe, ukanyamaza. Naomba iwe ulafi tu, kaka, isiwe kamisheni ya kuniuzia ya dukani kwenu.

Mdogo wako