Nahodha Mliyemharibu

Ukumbi wa sinema, nyuma ya duka la vyuma
Jumapili asubuhi, baada ya kufagia

Mpendwa mdogo wangu Mbona,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na yule mwanangu mdogo, meno ya mbele yameshaota? Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, presha imetulia, ila macho ndiyo hayo, tangu yafunge kabisa haoni hata mwanga wa dirishani. Halalamiki. Anachotaka ni kiti chake cha mbele hapa ukumbini, pale karibu na spika, na mimi nisimeze maneno ninapomsimulia.

Mimi pia mzima, koo tu limekwaruza. Sababu ya hilo koo ni wewe, utaisoma huko mbele.

Flashi yako ilifika salama. Rafiki yako aliileta mpaka mlangoni, umeifunga pamoja na barua ndani ya soksi, nikajua kweli hii imetoka kwa mdogo wangu. Umeniuliza mambo mawili na ukasema nisikufiche. La kwanza, mama ameionaje sinema yako. La pili, kampuni inataka uandike sehemu ya tisa, safari hii peke yako, na wanataka jibu kabla mwezi haujaisha. Usaini, usisaini? Haya. Kama umesimama, tafuta kiti.

Mbona, ile sinema ni takataka.

Usianze kununa. Wewe umekulia kwenye benchi la mbele la ukumbi huu huu. Mimi nimesimama na kipaza sauti nawageuzia watu yale maneno ya kigeni, na wewe unanivuta gauni: mbona hakumpiga risasi tangu mwanzo? Mbona mlango haukufungwa? Mbona hawakumwambia mapema? Uliniharibia kazi mpaka wateja wakakupa jina, na jina likakuganda. Sasa hebu niambie, huko kwenye chumba chenu cha waandishi, mnakaa watu wazima na vikombe vyenu vya kahawa, hakuna hata mmoja wa kuuliza mbona?

Chukua lile Jitu la Moshi, adui wao wa siku zote. Sehemu ya tatu lilikufa, nikalizika kwa mdomo wangu mwenyewe. Sehemu ya tano likafa tena. Sehemu ya saba lilitumbukia ndani ya jua. Ndani ya jua, Mbona! Leo kwenye ya nane linaingia mlangoni halina hata kovu. Kinyozi wa hapo jirani, unamjua mdomo wake, akanipigia kelele kutoka nyuma, "Kipaza, hebu muulize huyo anapaka mafuta gani!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikacheka na mimi, lakini nilikuwa naona aibu, maana dakika chache nyuma nilikuwa nimewasomea jina lako.

Ndiyo, nililisoma. Lilipopita kwenye pazia la sinema nilisimamisha kila kitu nikalisoma mara mbili. Watu wakapiga makofi, na mama akasimama. Alikuwa amevaa nguo yake ya kutokea, na wiki nzima alikuwa anamwambia kila anayekuja kununua tiketi, hii ni ya mwanangu. Sasa wewe jiulize mtu aliyesimama hivyo alistahili kuletewa nini.

Sehemu ya kwanza ilikuwa na chombo kimoja huko angani, watu watano ndani, na hewa inawaishia. Ni hayo tu. Watu humu walikuwa wanabana pumzi pamoja nao, na kuna mama mmoja alitoka nje kwenda kuvuta hewa kwa niaba yao. Siku hizi mnalipua dunia tatu kabla mtu hajakaa sawa kwenye benchi. Na unajua watu walikuwa wanafanya nini dunia zikilipuka? Walikuwa kwenye simu, wanauliza nyumbani kumepikwa nini.

Na Nahodha, jamani. Yule mwanamke aliyeunganisha nyaya za chombo chake kwa mkono ulioungua, huku anawatukana wanaume wote mle ndani! Wasichana wa mtaa huu walikuwa wanatembea kama yeye. Mmemfanya bibi wa kisirani, amekaa juu ya jiwe ananung'unika, hata kufungua mlango anasaidiwa, eti ili yule msichana mpya aonekane hodari. Nani aliwaambia ili huyu apande lazima yule ashushwe? Na mizaha isiyokatika! Mtu anakata roho, mwenzake anatania viatu vyake. Siwezi kuugeuza mzaha wa namna hiyo kwa Kiswahili, ukinitoka mdomoni watu wataniona sina adabu. Halafu mwisho wake si mwisho, ni tangazo la ya tisa. Mtu amekaa kwenye benchi la mbao mchana kutwa, mnamuaga kwa tangazo.

Hayo yote ningeyameza. Nimesimulia sinema mbovu maisha yangu yote, na ubovu wa kawaida naujua. Kilichonikata maini ni Fundi.

Unakumbuka sehemu ya tatu, Fundi wa chombo alivyouzuia ule mlango kwa mgongo wake mpaka akafa, ili wenzake watoke? Mama alikuwa bado anaona wakati ule. Kesho yake alimzungumzia kama jirani tuliyetoka kumzika. Na wewe? Wewe uliingia chini ya benchi ukagoma kutoka, nikakuvuta kwa miguu. Ulikataa kula. Sasa nasoma barua yako, umeandika kwa majivuno, "Dada, wazo la kumrudisha Fundi ni langu." Eti hakufa. Eti alikuwa amejificha. Miaka yote hiyo tunamlilia mtu, kumbe kajificha mahali anakula!

Nimeisoma hiyo sentensi nikataka nikupige kofi. Nakuambia kweli, ungekuwa karibu ningekupiga.

Sasa nikuambie ilivyokuwa. Mpaka pale nilikuwa nasimulia kilichopo, sikuongeza wala kupunguza, na nilimwona mama anavyozidi kuinamisha kichwa. Mwanzoni alikuwa anatabasamu kila nikifungua mdomo. Baada ya zile dunia tatu tabasamu likawa la adabu tu, lile analowapa wageni waliokaa sana. Mara mlango ukafunguka kwenye pazia, Fundi huyo, mzima, amenenepa, anakonyeza jicho. Ukumbi ukaguna. Mama akainua uso akauliza, "Nani? Nani kaingia?"

Nikamtazama. Nikashindwa kumwambia, Mbona.

Nikasema, "Kaingia kijana, mama. Ni mtoto wa Fundi."

Kinyozi akaropoka, "Ala! Mtoto gani tena, si ndiye yuleyule..." Halafu nikaona macho yake yameangukia kile kiti cha mbele. Akafunga mdomo. Jamaa ambaye sijawahi kumnyamazisha hata kwa kumzimia taa, alifunga mdomo mwenyewe. Kisha akasema kwa sauti kubwa, "Ee, kweli bwana! Kafanana na baba yake huyo!"

Basi ukumbi mzima ukanifuata. Waendesha pikipiki, wapakiaji wa sokoni, wale vijana wasioheshimu hata mvua, wote kimya. Nikawasimulia sinema isiyokuwepo. Kijana amekuja kumuuliza Nahodha baba yake alikufaje. Nahodha hawezi kusema. Wamekaa wawili juu ya sanduku la vyuma la marehemu, kijana anauliza, mwanamke anazungukazunguka, anamweleza habari za nati na spana, kila kitu isipokuwa ule mlango. Kwenye pazia watu wanaruka, wanapigana mateke, moto kila upande. Mimi nashusha sauti ya spika, na ile spika kuukuu haishuki, kitufe kimekwama tangu mwaka juzi, basi nikawa natangaza mazungumzo ya upole kwa kupayuka juu ya milio ya risasi. Koo ndilo hilo sasa. Mwisho Nahodha akamwambia yule kijana, "Baba yako aliogopa. Aliogopa sana, na hakuondoka." Nikasikia mtu analia nyuma. Alikuwa anautazama mlipuko, analilia maneno yangu.

Watu walipiga makofi. Walipokuwa wanatoka kila mmoja alipita kwenye kiti cha mama, mama hongera, mama una mtoto. Kinyozi akamshika mkono akamwambia, "Mama, mwanao ni mtu." Kisha akanivuta nje. "Kipaza," akasema, "mwambie mdogo wako ukumbi mzima leo umesema uongo kwa ajili yake. Asitufanyie hivi tena."

Kwa hiyo la kwanza nimekujibu. Mama aliifurahia sana sinema yako, ila haikuwa sinema yako.

Na la pili ninalo jibu. Usisaini. Kama kalamu yako ni hiyo iliyomfufua Fundi, iweke chini, kafanye kazi nyingine, hata kufagia ni kazi, mimi nimetoka kuifanya sasa hivi. Na kama utakuwa mbishi ukasaini, ukaleta ya tisa inayofanana na hii, nakuapia nitashika kipaza nimsimulie mama kilichopo kwenye pazia, neno kwa neno, mzaha kwa mzaha, na jina lako nitalisoma mara tatu. Sitamdanganya mama yangu mara ya pili ili wewe uonekane mtu.

Nilikuwa nimefika hapa, natafuta bahasha, mama akaniita kutoka uani. Nimeenda na nimerudi. Ilibidi nikae kwanza.

Alikuwa anaanika miguu juani. Akaniuliza namwandikia nani kwa hasira hivyo, maana ameisikia kalamu inavyokwaruza meza. Nikasema ni wewe. Akaanza kwa ile sauti yake ya kuulizia bei.

"Hivi, yule kijana na Nahodha, walikuwa wamekaa tu kwenye sanduku wanaongea?"

"Ndiyo, mama."

"Taratibu?"

"Taratibu, mama."

"Sasa risasi zote zile alikuwa anapiga nani?"

Mbona, nilitazama chini kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Mama akasema, "Umeniweka karibu na spika, mwanangu. Mimi sioni, lakini nasikia vizuri sana." Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ubavu, akasema hasa alimwonea huruma Kinyozi, kunyamaza vile nusura apasuke.

Nikafikiri yameisha. Lakini kicheko kilipokatika aliuelekeza uso upande wa njia, ule upande ulioondokea wewe. Nikamuuliza, basi nimwambie nini, asaini au asisaini?

Akasema, "Hayo ya kusaini ni yenu. Hadithi yako ilikuwa nzuri, nimeipenda. Mwambie mdogo wako ya kwake bado sijaisikia."

Hakusema kwa ukali, mdogo wangu. Ningependa angekuwa amekasirika. Nami hapa nilipo sina tena la kukutishia, maana nililotaka kumwambia mama analijua, na alilijua wakati amekaa anapokea hongera za watu wote wale, mmoja mmoja, anaitikia asante, asante.

Nisalimie wifi, mwambie zawadi yake iko njiani. Mbusu mtoto, mwambie shangazi yake ana kelele lakini haumi. Kinyozi nimemuuliza kama ana salamu, amesema atazileta akishatulia. Mungu akulinde huko uliko, akupe afya na usingizi mzuri, na hiyo kazi yako aibariki au akuondoe humo, ajuavyo mwenyewe.

Kampuni wajibu upendavyo. Mama mjibu wewe.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na hasira zangu zote,

Kipaza