Majibu ya Baba

Chanzuru, Kilosa
Jumapili

Kwako Dada Filomena,

Shikamoo dada yangu. Natumaini umefika salama kwa rafiki yako Bibiana na miguu imepumzika baada ya kuzunguka mashamba yote hayo ya Ufaransa. Sisi huku tunapumua. Mvua zimechelewa, na mbuzi wako amezaa mapacha.

Zile sauti ulizokuwa ukinitumia zilifika zote. Nilikuwa namsogezea Baba simu sikioni pale barazani, naye anawanyamazisha watu, hata Shangazi Costancia ambaye unajua hanyamazishwi na mtu. Uliposimulia kwamba mwajiri wako wa Mikumi kawapeleka mkajifunze kupokea wageni vijijini, halafu mkalazwa kwenye zizi la ng'ombe lililogeuzwa vyumba, Baba alicheka hadi akakohoa. Alisema basi na letu lipigwe chokaa, Wafaransa waje walipie.

Ile ya ufunguo ilimkera. Eti mmefika kijijini jioni, mwenye nyumba hayupo, ufunguo kauacha chini ya chungu cha maua, mkajifungulia na kujipikia kama wezi wenye adabu. Alisema mgeni hupokewa na mtu, si na ufunguo, na ukirudi Mikumi usithubutu kumfundisha mtu mambo hayo. Nilikutumia jibu lake ukacheka. Hilo alilisema kweli.

Dada, kama umesimama, kaa. Nimemwomba Bibiana akupe barua hii ukiwa umeshakula, na asikuache peke yako. Baba hatunaye. Kifua kilimzidi jioni moja, wewe ukiwa huko kwenye mashamba ya zabibu, akafariki kabla hatujapata gari la kumpeleka hospitali. Tumemzika hapahapa, kando ya Mama.

Shangazi ndiye aliyeamua usiambiwe. Unajua kwetu msafiri hafikishiwi msiba ugenini. Hufichwa mpaka akanyage nyumbani, vilio vimweleze. Wazee wakaafiki, nami nikaufyata. Kama ningenyamaza tu, labda ungenisamehe. Lakini wewe uliendelea kutuma sauti, mara yule bibi Odile na jibini lake linalonuka soksi, mara kitanda kirefu mpaka unapanda kwa kigoda, na kila mara unauliza Baba kasemaje. Nikawa nakujibu. Nimekaa mkekani matangani, watu wanaimba nyimbo za msiba, mimi naandika kwamba Baba amecheka sana. Ulipouliza Baba anakuagiza nini, nikasema blanketi. Hata sijui kwa nini blanketi. Sasa Bibiana ananiambia umemsimulia kwa simu kwamba umelitafuta soko hadi soko, na kwenye treni ulilipakata mwenyewe, hukutaka mtu akupokee. Hapo nikashindwa kuendelea.

Kinachoniuma kuliko yote ni jioni ile. Baba aliomba nikupigie. Shangazi akasema tusikutie wasiwasi, nikairudisha simu mfukoni. Ilikuwa na chaji, na salio lilikuwemo. Sina cha kusingizia, dada. Aliitaka sauti yako nami nilikuwa nayo mkononi.

Shangazi hajui kama nimekuandikia. Akijua atanitukana, na anitukane tu. Sikutaka ushuke stesheni ya Kilosa na zawadi kwapani, unacheka, halafu uwaone wanawake wamejifunga kanga viunoni wanakujia kwa vilio. Nitakupokea mimi, peke yangu. Ukitaka kunipiga, nipige palepale.

Nisalimie sana Bibiana, mwambie Mungu ambariki kwa kukubali mzigo huu. Watoto wa hapa wanakusalimu, na majirani wote wanakuulizia.

Kuna neno moja la Baba sikuwahi kukufikishia. Siku ile ya mwisho, mchana, kabla hajazidiwa, alisema nikwambie kwamba huko wakikupa chakula usichokijua, ule tu, usimvunje moyo mwenye nyumba. Hilo ndilo la mwisho alilokuambia. Yote yaliyokuja baadaye ni yangu.

Mimi mdogo wako,
Makarius