Mistari Mitatu ya Marlys Tveit Bado Imesimama

Ninyi mawakili wa mji wa St. Paul mlioiona picha hii gazetini mkaharakisha kufunua ukurasa, rudini. Mlikula naye chakula cha mchana miaka thelathini na minane. Someni.

Mwaka umetimia, Marlys, tangu utuache asubuhi ile ya Januari, theluji imefika madirishani na mkate wako wa samaki wa siki umekwisha kuufunga wa kwenda nao kazini.

Kazi yako mama yako hakuielewa hadi anakufa. "Wakili gani haendi mahakamani?" Nawe ukicheka. Kwenye kampuni ya kuchapisha vitabu vya hukumu, ulisoma hukumu za majaji ukaziandikia muhtasari, mistari mitatu minne juu ya ukurasa, ili wenye haraka wajue jaji kaamua nini. Na wote wana haraka.

Wewe hukuwa nayo. Supu ikiwa na ladha ngeni, ulitaka jina la jani. Mtu akileta habari, ulimkatiza: "Hebu tuone. Nani kasema, na kasema nini hasa?" Watoto wa ukoo walikuigiza mezani, nawe ukawauliza nani kawafundisha.

Novemba yako ya mwisho, kaka yako Orrin, fundi wa mabasi aliyejifunza sheria kwa vitabu vikuukuu ulivyompa, alisimama mahakamani na jirani yake Bernadine, mpangaji aliyekuwa akifukuzwa huku hita ya kupasha nyumba joto imekufa. Jaji akawasomea mistari mitatu ya muhtasari: mpangaji aweza kufukuzwa hata kama hita haifanyi kazi. Vyombo vya Bernadine vikalala kwenye theluji. Orrin akaja kwako anafoka.

"Sheria gani hii mnayochapisha nyinyi watu?"

"Vua buti kwanza, kaka, unanilowanishia sakafu. Hebu tuone."

Ukafungua juzuu ya mwaka 1986, ukauruka muhtasari, ukasoma hukumu yenyewe. Jaji wa zamani alikuwa akisema juu ya mpangaji aliyeivunja hita kwa mkono wake mwenyewe. Sharti hilo muhtasari uliliacha, na miaka yote hiyo mahakama zikanakili muhtasari.

Nani aliuandika? Ulishinda siku tatu kwenye stoo ya ofisi ukifukua karatasi za kazi za wakati ule. Chini ya mistari ile palikuwa na herufi mbili za wino wa buluu: M.T. Ulikuwa mwaka wako wa kwanza kazini.

"Ni mimi," ukamwambia Orrin. "Lakini nilikuwa nawaza nini siku ile? Ningependa sana kujua."

"Mimi napenda uifute."

Ukawaandikia wakuu wako barua tatu, ukijitaja kwa jina. Mmoja akapita mezani pako: "Marlys, mama wee, nani kalalamika? Acha kitu kilichotulia." Wiki nne baadaye moyo wako ukasimama.

Kimetulia kweli. Tangu tukuzike, Orrin ameisikia mistari ile ikisomwa mbele ya wapangaji wengine wawili. Wote wako nje.

Tunaokukumbuka ni mumeo Duane, binti yako Signe, kaka yako Orrin, na Bernadine, ambaye bado analala chumba cha juu kwa Orrin. Hutatutoka moyoni, Marlys, siku zote tulizobakiwa nazo.

Nawe wakili unayesoma, usilete maua. Juzuu ya mwaka 1986 ipo rafuni nyuma ya kiti chako. Ifungue leo, uruke muhtasari, usome hukumu. Kisha uandike barua ya nne.