Mlango Ninaomfungia Bibi

Jumapili, 15 Septemba 2019

Shule imefungwa wiki tatu kwa ajili ya mavuno ya viazi. Kesho naanza kazi kwenye mashine ya Baba ya kuvunia, kuchambua mawe. Mikono itakufa ganzi, lakini sawa — kwenye mashine hakuna anayetaka niseme kitu.

Leo baada ya misa Bibi Exilda alinishika kiwiko. "Haya, nisikilize." Akasema kiapo chote cha Chama chetu cha wakulima, Grange, kwa Kiingereza, amesimama katikati ya jiko na mwiko kifuani kama askari. Alikwama kwenye neno moja tu, lile refu la mwisho. Akaenda kulitafuta kwenye kamusi — kamusi yangu ya darasa la tatu, ile ambayo Chama chenyewe kilitugawia, kama kinavyowagawia watoto wa darasa la tatu kila mwaka. Akalirudia mpaka likanyooka.

Tumekuwa tukifanya hivi tangu Juni, huku tukichagua maharage. Bibi alichapwa rula shuleni kwa kuongea Kifaransa, kwa hiyo Kiingereza chake kina woga ndani yake mpaka leo. Mimi nimesomeshwa kwa lugha zote mbili na sina la kusema kwa yoyote! Tunafaana.

Alhamisi watalipigia kura ombi lake la kujiunga. Hatimaye! Watu wengi hapa wanadhani Bibi ni mwanachama wa Grange tangu zamani. Wapi! Anawapikia tu. Kila karamu ni maharage yake ya shimoni, yale ya kufukia chungu cha chuma kwenye makaa na kukiacha mpaka asubuhi. Watu wakishashiba, meza zinakunjwa, Mwenyekiti anagonga nyundo, kikao kinakuwa cha wanachama tu. Bibi anabaki jikoni na masufuria machafu. Na mlango unafungwa.

Anayeufunga ni mimi. Nilipojiunga walinitafutia cheo kisicho na maneno, wakanipa cha Bawabu. Nina sentensi moja tu: "Mlango umefungwa, Ndugu Mwenyekiti." Nakiri hapa, maana hakuna atakayesoma: nakipenda cheo hiki. Ila kila nikiusukuma ule mlango namwona Bibi ananipungia kitambaa cha vyombo, halafu simwoni tena.

Alhamisi ikipita sitamwona kule. Atakaa ndani. Nimemchagulia kiti, karibu na jiko la kuni.

Alhamisi, 19 Septemba

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Hawajapiga kura. HAWAJAPIGA! Kisanduku cha kura kilikuwa pale mezani, gololi nyeupe za kukubali upande mmoja, vipande vyeusi vya kukataa upande mwingine. Nilishajua nitakavyoichukua nyeupe yangu. Halafu Dada Avis, katibu wetu, akasimama na tabasamu lake la keki.

Ana habari njema, akasema. Kila mwaka Chama kinamtunuku Raia Mwema mmoja wa kijiji, na mwaka huu kamati imemchagua — makofi tafadhali — Exilda Pelletier! Kibao kimeshachongwa. Atapewa kwenye karamu ya mavuno, tarehe tano Oktoba, na ni siri, tusimwambie, tumshtukize.

Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga! Mjinga mimi.

Halafu Ndugu Delmont, Mwenyekiti, akajikuna shingo. Akasema kuna kajambo. Tuzo hiyo kwa sheria ni ya mtu wa nje. Mwanachama hapewi. Tukimpigia kura leo, siku ya karamu atakuwa wa ndani, na kibao kitakuwa batili. Hivyo ombi lake tuliweke kando kidogo, mpaka majira ya kuchipua.

Kidogo! Majira ya kuchipua ni Mei. Huku theluji inaanza Novemba.

Ndugu Rosaire, mzee wa trekta jekundu, akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Sasa tunamheshimu kwa kumwacha nje?"

"Rosaire, usianze," akasema Delmont.

"Sianzi mimi. Nauliza tu."

"Ni heshima kubwa," akasema Dada Avis. "Na yule mama hana makuu. Atafurahi, jamani. Atalia."

Ndugu Delmont akaomba mikono. Wote wakanyoosha, Rosaire naye mwishoni, akiguna. Wakanitazama kule mlangoni. Watu wote wale wananitazama! Uso ukawaka. Na mkono ukapanda. Mkono wangu, huu huu ninaoandikia.

Kisha Dada Avis akanikonyeza. "Lisette, wewe ndiye usiyesema kitu. Siri iko salama kwako."

Ijumaa, 20 Septemba

Nilirudi shambani na vumbi hadi kwenye meno. Bibi alikuwa ameketi kwenye ngazi za nyumba yake, amevaa sweta la kanisani. Siku ya kazi! Alikuwa ananisubiri.

Hakuuliza kama amepita. Aliniangalia usoni tu, na uso wangu ni kama dirisha.

"Vyeusi vingapi?" akasema.

Anavijua vile vipande vyeusi. Ndiye anayefuta vumbi kwenye kile kisanduku.

"Bibi, siyo hivyo..."

"Basi ikoje?"

Siri. Siri! Nikasema kikao kilikuwa kirefu, mambo mengine yameahirishwa. Nilivyosema hata mimi nisingejiamini.

"Sawa, mama," akasema. Akanipangusa vumbi kwenye paji la uso kwa kidole gumba. "Usijisumbue. Wewe hukuweka cheusi, najua."

Nilipoingia ndani kunywa maji niliona kamusi imepandishwa juu ya friji, pale zinapokaa betri zilizokufa.

Jumatatu, 23 Septemba

Mvua. Mashine imesimama. Ndugu Delmont alikuja kuongea na Baba kuhusu ghala. Nikasema leo. Leo lazima. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu alfajiri: Ndugu Mwenyekiti, Bibi anaamini mmemkataa, mwambieni ukweli au mpigieni kura. Basi. Mtoto wa chekechea angeweza.

Akapita karibu yangu, ananukia dizeli na pipi za mnanaa. "Habari, Dada Bawabu?"

"Viazi ni vizuri mwaka huu," nikasema.

VIAZI NI VIZURI MWAKA HUU!

Siyo hata kweli. Vimeota mba kwenye maganda.

Ijumaa, 27 Septemba

Dada Avis amepiga simu akiomba picha ya Bibi ya ujanani, "yenye tabasamu". Nikamwambia Bibi ana huzuni. Nilisema kweli! Sauti ilitetemeka lakini ilitoka. Nikasema anadhani mmemkataa.

Akacheka kidogo, siyo kwa ubaya. Kwa ubaya ningejua la kufanya. "Basi vizuri zaidi, mpenzi! Fikiria furaha yake siku ile, akijua alikuwa amekosea!"

Nilikata simu. Mimi! Nilimkatia mtu mzima simu. Halafu nikampigia tena kumwomba radhi. Naichukia tabia yangu. Halafu nikamtumia picha. Naichukia mara mbili.

Ni watu wema, hilo ndilo linaloniumiza. Wangekuwa wabaya ningelala vizuri. Hawa ndio walioshona mablanketi ya familia iliyounguliwa na nyumba. Karamu yenyewe ni ya ghala la kuni, wazee wasiojiweza wapate kuni bure baridi ikiingia. Wanakumbuka kila mtu. Lakini aliye nyuma ya mlango wao wenyewe wanamkumbuka kwa kumchongea kibao!

Ijumaa, 4 Oktoba

Nilikuwa na hakika Bibi hatapika. Nilitaka asipike. Nilitaka waje na sahani zao wakute shimo baridi.

Amepika. Mchana Ndugu Rosaire alikuja kuchimbua shimo, Bibi akasimama juu yake na mikono kiunoni.

"Hilo shimo au kaburi la paka? Ongeza."

"Exilda, mgongo wangu una umri wangu."

"Basi uache mgongo nyumbani, uje wewe."

Wakacheka wote wawili kwa Kifaransa, maana kicheko chao kina lugha. Makaa yakashuka, chungu kikashuka, udongo juu. Rosaire alipoenda kunawa nilimuuliza Bibi kwa nini. Kwa nini awapikie watu ambao — sikumaliza.

"Wazee wanataka kuni," akasema. "Kuni zimekosa nini?"

Kisha, akiwa amenipa mgongo: "Mwaka niliomzaa baba yako nilitaka kuomba uanachama. Niliogopa kile kiapo. Nilijua watanicheka ninavyotamka. Nikasema nitaanzia jikoni, nikizoea nitaingia." Akapiga udongo kwa sepetu. "Nimezoea."

Nilikuwa na siri yote mdomoni. Ningeitema pale pale. Lakini Rosaire akarudi akitikisa maji mikononi, akaniangalia, akajua, akatikisa kichwa: kesho, mtoto, ni kesho tu.

Kwa nini nawatii wote?

Jumamosi, 5 Oktoba

Naandika nikiwa nimekaa kwenye kiti changu cha Bawabu. Siyo nyumbani. Hapa hapa ukumbini, daftari gotini, mgongo wangu ukizuia mlango usijifunge. Nitaeleza. Naandika haraka maana sijui nina dakika ngapi.

Ukumbi ulijaa hadi kwenye jukwaa. Maharage, mkate mweusi, kabichi, na ploye za Bibi, zile chapati laini za matundu, zilizoisha kabla wageni wa meza ya mwisho hawajafika. Halafu nyundo. Dada Avis akasimama chini ya ile picha, imekuzwa kama ya marehemu, akaanza kueleza habari za mtu fulani mwenye moyo wa dhahabu. Watu wakageuka kutazama jikoni. Bibi alikuwa kwenye kidirisha cha kupitishia sahani, mvuke usoni. Akageuka nyuma kuona wanamwangalia nani.

"Exilda, njoo!" wakapiga kelele. "Njoo hapa, mama!"

Akaja na aproni yake. Katikati ya ukumbi kuna meza ndogo ya Biblia, na sisi hatukatizi kati ya meza hiyo na kiti cha Mwenyekiti. Ndiyo heshima yetu ya kwanza kufundishwa. Mpiga picha alikatiza. Dada Avis mwenyewe, kwa furaha, alikatiza. Bibi alizunguka. Polepole, kwa nyuma, ukuta kwa ukuta, jinsi anavyozunguka mwanachama. Ameiona kwenye kidirisha maisha yake yote.

Ndugu Delmont akanyoosha kibao ili amsomee. Bibi akakichukua mkononi mwake.

"Nitasoma," akasema.

Na akasoma! Kwa Kiingereza, kwa sauti, mbele ya watu wote wale, kidole chini ya kila neno, bila kukwama hata pale parefu. Kwa Exilda Pelletier. Kwa utumishi wake wa kujitolea. Rafiki wa Chama —

Kidole kilisimama. Mimi nilikuwa karibu, niliona kinaposimama.

"— asiye mwanachama," akamaliza.

Nilimfundisha kusoma hilo. Mimi!

Makofi yakapasua ukumbi. Wengine walisimama. Bibi alinitafuta kwa macho, akaniuliza kwa Kifaransa, taratibu, kama vile tuko wawili tu kwenye maharage: "Nimesoma vizuri?"

"Vizuri sana, Bibi."

Hakulia. Dada Avis ndiye aliyelia. Bibi akawashukuru, akazunguka tena kwa nyuma, akarudi jikoni. Kibao alikilaza kwenye rafu ya vifuniko vya masufuria.

Wageni wakaondoka, meza zikakunjwa. Ndugu Delmont akagonga nyundo, kikao cha wanachama, na akauliza anachouliza kila mara:

"Dada Bawabu, mlango umefungwa?"

Niliushika mlango. Bibi alikuwa kwenye sinki, kitambaa kimeshapanda, ananipungia.

"Hapana," nikasema.

Delmont alidhani sijasikia. "Mlango umefungwa, Dada?"

"Haujafungwa, Ndugu Mwenyekiti. Na siufungi. Kibao ameshapewa. Sheria yenu imeshatimia. Mpigieni kura. Anajua kiapo chote, anakijua kuliko mimi, na alidhani mmemwekea vyeusi, wiki mbili alidhani hivyo, na mkono wangu nilinyoosha na mimi!"

Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Yalikuwa na sauti kubwa. Nikaweka kiti changu katikati ya mlango, nikakaa.

Dada Avis amefunika mdomo, na safari hii halii kwa furaha. "Alidhani... wiki mbili zote?" alisema, kama vile sikumwambia kwenye simu. Kisha wote wakaongea kwa pamoja. Delmont akasema kikao hakiwezi kufunguliwa mlango ukiwa wazi. Rosaire akasema basi kisifunguliwe, na yeye hana haraka, ng'ombe wake wa kukamua alishawauza. Delmont akatangaza mapumziko. Sasa wako pale mbele vichwa pamoja juu ya kitabu cha sheria. Mara moja moja mmoja ananitazama. Sitazami chini. Nikitazama chini natazama daftari, hiyo ni tofauti.

Kile kisanduku cha kura kimetolewa kabatini. Sijaona nani amekitoa. Kiko mezani, kifuniko bado kimefungwa.

Nyuma yangu maji yamefungwa. Bibi amekuja, namsikia anavuta pua kwa baridi. Mlango wa nje wa jikoni nao uko wazi kwa sababu ya moshi.

"Lisette," amesema. "Funga mlango, mtoto. Baridi inaingia."

"Wewe ukiwa upande gani, Bibi?"

Amesimama kizingitini, viatu vyake vinagusa miguu ya kiti changu. Anafungua fundo la aproni. Au anajifunga upya, sioni vizuri. Midomo yake inatembea. Ni kile kiapo, anakipitia chini chini, amefika kwenye lile neno refu —

Nyundo. Na mlango bado uko wazi.