Mwape Alipomuuliza Jirani

Élisabethville, tarehe 23 Oktoba 1958

Mdogo wangu mpenzi Symphorien,

Nakusalimu kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa nyumbani Kongolo. Je, umeamka salama? Kifua kimetulia? Na Mama Mumba, mkwe wako, mgongo unampa nafasi ya kulala? Sisi huku tupo, tunapumua, Mungu ashukuriwe. Joto ni kali, mvua inatishia tu na kupita, na moshi wa kiwanda unashuka mpaka ndani ya sufuria. Miguu yangu imevimba. Nikirudi kutoka kufundisha masomoni nakaa tu mlangoni, hata viatu sivui, na binti yako Mwape ndiye anayenivulia. Basi usishangae ukiona mwandiko wangu umelala.

Mwape ni mzima wa mwili. Nataka ulijue hilo kwanza, kabla hujaendelea kusoma.

Nilikuambia kwamba mwaka huu darasa langu la tatu limechaguliwa kwa utafiti. Mademoiselle Claes, msichana wa Kibelgiji wa chuo kikuu kipya, anataka kujua kama watoto wanaelewa zaidi wakijifunza kwa kuigiza na kuuliza, kuliko kwa kuimba maneno ya mwalimu. Darasa la Floribert, mwenzangu wa upande wa pili wa ukuta, linafundishwa kama zamani: yeye anasema, watoto wanarudia. Langu linaigiza. Najifunga kitambaa chekundu kichwani, na hapo mimi si mwalimu tena, ni mtu wa hadithi, nikikivua nimerudi. Watoto nao wanakuwa wauguzi, polisi au wauzaji wa soko, na kazi yao ni kunitoa jibu kwa maswali. Mimi sina ruhusa ya kusema jambo mpaka mtu aliulize sawasawa.

Kazi hii inachosha kuliko kulima. Katika kurudia, mwalimu anaweza kusinzia kwa macho wazi na somo likaendelea. Katika kuigiza huwezi, maana hujui mtoto atakuuliza nini. Mamère, mtawa anayeongoza shule yetu, haipendi. Siku moja alisimama mlangoni akauliza kama hapa ni darasa au ni soko, na Floribert akanitania juma zima kwamba atakuja kununua nyanya.

Juma lililopita somo lilikuwa usafi wa maji. Mademoiselle alitunga kisa cha mama mmoja wa Naviundu, mwenye kuchota maji mtoni, ambaye siku hizi haonekani tena sokoni. Watoto watafute amepatwa na nini. Jibu lilikuwa jepesi: maji machafu yalimwumiza tumbo, yuko hospitali, na atapona. Mimi nilikuwa jirani yake, anayejua yote lakini mgumu wa kusema.

Walianza vizuri. Mmoja akauliza mama huyo alichota sehemu gani ya mto, mwingine kama aliyachemsha maji, mpaka wakanitoa neno kwamba yuko hospitali. Mwape alikuwa kwenye benchi ya nyuma, kimya, kama alivyokuwa tangu ulipomleta kwangu mwezi wa Mei. Kisha akasimama. Akauliza, kama mama huyo yuko hospitali, nani anampelekea chakula? Nikajibu kwamba ni ndugu zake. Akauliza mbona basi hatujaona ndugu yeyote akimpikia. Akauliza kwa nini watu wanaotoka kwake wanaleta salamu za wengine wote, na zake hawaleti. Akauliza kwa nini wakubwa wakilitaja jina lake wanashusha sauti.

Symphorien, hayo hayakuwa maswali ya maji.

Alitembea mpaka mbele yangu, akanitazama chini ya kile kitambaa, akasema: “Wee mama jirani, unajua. Juu ya nini unatuficha? Alishakufa?”

Wenzake wakapiga kelele kwamba hapana, hadithi haiko vile, huyo mama iko mugonjwa tu. Nyuma ya darasa Mademoiselle aliweka kalamu chini, akapiga makofi polepole, uso ukimng'aa. Alidhani ameona mtoto mwenye kipaji.

Unakumbuka uliniomba nini. Mkeo Bwalya alipofariki mwezi wa Juni katika uzazi, ulisema nisimwambie mtoto, utakuja Noeli umwambie mwenyewe kwa kinywa cha baba. Nikakubali. Tangu hapo nimemwambia kwamba mama yake amevushwa mpaka, anatibiwa kwa Waingereza, na kila akiuliza naongeza kipande kingine: leo daktari mpya, kesho dawa ya sindano. Nimechoka na uongo huo kuliko nilivyochoka na kazi zangu zote.

Nilivua kitambaa. Nikamwita Floribert awachukue wengine, nikaketi na Mwape kwenye benchi, nikamwambia. Nimelivunja neno lako, mdogo wangu, na sikuombi msamaha kwa hilo. Ningeweza kubaki jirani na kusema kwamba mama wa hadithi atapona. Wenzake wote wangefurahi, na Mademoiselle pia. Lakini mtoto alikuwa ameuliza sawasawa, na alikuwa ananitazama mimi, si jirani.

Hakulia pale. Aliniuliza zile karanga tulizomtumia mama yake kwa sikukuu ya Bikira Maria ya Agosti, nani alizikula. Alilia kesho yake, tulipokuwa tumepanga ndoo kwenye bomba la maji. Wanawake wakauliza mutoto iko na nini, nikawaambia. Wakaweka ndoo chini, wakamkalisha katikati, wakalia naye mpaka maji yakafurika njiani na hakuna aliyeyafunga. Ndicho kilio tulichokuwa tumemnyima.

Mademoiselle nilimweleza siku ileile ya somo. Alikaa kwenye benchi ya watoto, magoti yamemfika kifuani, akawa mwekundu. “Mimi hapana jua,” alisema kwa Kiswahili chake cha jikoni. Nikamwomba asiitie siku hiyo katika utafiti wake. Ndiyo siku aliyokuwa akiitafuta tangu aje, lakini mwishowe akakubali. Mamère amesimamisha maigizo mpaka padri atoe shauri. Jumatatu nilirudi kwenye kurudiarudia. Katikati ya somo msichana mmoja aliinua mkono akauliza kwa nini, nami nikamwambia aketi. Sikuwa na nguvu. Sijui Mademoiselle ataandika nini mwisho wa mwaka, wala sijui tena kama ningependa njia yake ishinde au ishindwe.

Sasa limebaki moja, na hili ni gumu kwangu kuliko yote. Mwape alijua mama yake alikuwa na mimba. Aliniuliza mtoto yuko wapi. Nikamwambia ni mvulana, mzima, yuko kwa bibi yake, Mama Mumba. Akaniuliza jina lake. Nikafungua kinywa, nikaona sina. Tangu Juni hujanitajia mtoto huyo hata mara moja. Wasafiri wa treni wameniambia huendi kumwona, kwamba ukitoka kazini unazunguka nyuma ya karakana usije ukamsikia akilia. Sikulaumu. Bwalya alikuwa mke mwema, na najua unapomwaza mtoto unamwona nani.

Lakini Mwape haogopi. Mama Jeanne, muuza samaki wa hapa kambini, anakuja huko kwako Sakania na treni ya Jumamosi, na Mwape atakuwa naye. Uwe stesheni. Atakuuliza mambo mengi, maana hanyamazi tena, nawe umjibu. Atataka kaburi kwanza. Halafu atakushika mkono akupeleke kwa Mama Mumba. Usikatae, nenda naye. Amesema yeye ndiye atakayembeba mtoto, wewe utembee tu.

Mkono umechoka, naachia hapa. Bwana akupe usingizi, na Bikira Maria asimame nawe stesheni. Nisalimie Mama Mumba na wenzako wote wa reli. Nisalimie na mtoto. Jina lake utaniandikia.

Dada yako,
Germaine Numbi